Daftari la South End

Louisville, Kentucky

Ijumaa, 12 Machi 2021

Jana Rais Biden ametia saini sheria ya msaada wa korona. Dola trilioni 1.9. Tangu asubuhi simu haijapoa, na kila anayepiga anataka kujua hundi ya dola 1,400 inaingia lini. Nimewajibu ninachokijua. Lakini kinachoninyima usingizi ni kifungu ambacho hakuna aliyekiulizia: ndani ya sheria hiyohiyo mna dola bilioni 350 za serikali za majimbo, kaunti, miji na mataifa ya wenyeji asilia. Hundi itakuwa imekwisha kabla Pasaka haijapita. Hizi nyingine zitagawanywa hapahapa, na meya na madiwani 26 tuliowachagua, na ndizo zinazoweza kumtoa mtu kwenye nyumba mbovu akae miaka ishirini bila kuhama.

Watu wetu wa Fizi na Uvira, kule Kongo, hawajazoea kudhani kwamba fedha za serikali zinaombwa hadharani. Kambini Nyarugusu, Tanzania, mgawo ulikuja umeshaamuliwa. Nataka kuwafundisha njia ya kuingia kwenye mazungumzo haya mapema, kabla hesabu haijafungwa.

Jumapili, 23 Mei 2021

Mji wetu umepangiwa dola milioni 388. Nusu mwaka huu, nusu mwakani. Wizara ya Fedha ya Washington imetoa kanuni za muda, nami nimezisoma usiku kucha nikiwa na kikombe cha chai ya tangawizi. Makazi yamo: fedha zinaweza kujenga nyumba nafuu, kuhudumia wasio na makao, kusaidia mitaa iliyoumizwa zaidi na korona.

Kwa nini makazi ni suala la korona, sihitaji kusomewa. Baada ya ibada nimepita kwa Mama M., mmoja wa watu wetu, kumsaidia fomu. Watu wanane, vyumba viwili, ghorofa ya pili. Mchana magodoro ya wavulana watatu husimamishwa nyuma ya mlango wa salon, yamefungwa kwa kanga yasianguke. Saa tatu usiku meza ya chakula inasukumwa hadi kwenye jiko na magodoro yanashuka. Kwenye korido kuna utepe wa plastiki wa bluu, mabaki ya mwezi wa kwanza. Mumewe alirudi na homa kutoka kazini wakamwambia ajitenge. Mama M. akabandika utepe ule sakafuni, upande huu baba, upande huu watoto, na choo ni kimoja. Wiki hiyohiyo wote wakaugua isipokuwa mtoto wa mwisho.

Nimemwuliza kama anaweza kuwaeleza madiwani habari ya utepe ule. Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Yaya, miye natumika usiku. Ile saa yao ya mikutano ndiyo saa yangu ya kuingia kazini."

Ijumaa, 27 Agosti 2021

Jana jioni Mahakama Kuu ya Marekani imeondoa zuio la kufukuza wapangaji. Lilikuwepo tangu Septemba mwaka jana. Mtu mwenye nyumba sasa anaweza kuendelea na kesi yake.

Leo nimekalimani kesi nne kwa njia ya video. Mpangaji mmoja alikuwa ndani ya gari, mapumziko ya kazini, simu ameiegemeza kwenye usukani. Hakimu akamwuliza kama ameomba msaada wa pango. Ameomba tangu Juni. Kinachokosekana ni sahihi ya mwenye nyumba, ambaye ndiye anayemshtaki. Nilitafsiri sentensi hiyo polepole ili isimpite mtu yeyote aliyekuwa kwenye kikao. Kesi ikaahirishwa wiki mbili. Nashukuru kwamba mwaka huu baraza lilipitisha haki ya kupewa wakili kwa familia zenye watoto na kipato kidogo. Bila mwanasheria kijana aliyekuwa kwenye kikao asubuhi ile, yule baba angekubali kila neno na kuondoka.

Fedha za kulipia pango zilizotoka Washington (bilioni 25 za Desemba, na nyongeza ya zaidi ya bilioni 21 mwezi Machi) zimeokoa watu wengi, nimewaona kwa macho yangu. Ila kwa sehemu kubwa zinalipa madeni ya nyuma. Mwezi unaofuata pango ni lilelile na mshahara ni uleule. Kwa hiyo nadhani zile dola milioni 388 zisielekezwe zote kwenye madeni, hata kama shida iliyo mlangoni leo ndiyo inayopiga kelele zaidi.

Jumapili, 14 Novemba 2021

Binamu yangu amepiga kutoka Kasulu. Tanzania imepata mkopo wa Uviko kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3 zimepangwa, na halmashauri zote zinajenga. Madarasa 15,000, yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari. Anasema matofali yamepanda bei na mafundi hawapatikani. Kila kijiji kina kibao cha madarasa ya Uviko.

Nimekata simu nikiwa na wivu. Darasa lina kuta nne, paa, mbao na madawati, na mwenye ardhi ni serikali. Fedha inatoka, kamati inanunua saruji, fundi anaanza. Nyumba ya kupangisha hapa Kentucky haijengwi hivyo. Mjenzi anahitaji kiwanja kilichopangiwa matumizi ya ghorofa, majirani wasiende kupinga, mkopo wa benki, wawekezaji wanaonunua punguzo la kodi lililowekwa na sheria ya mwaka 1986, kisha ruzuku ya mji kuziba pengo linalobaki. Kila mmoja kati ya hao anasubiri mwenzake atie sahihi. Miaka miwili inapita kabla sepetu haijagusa udongo. Na fedha hizi za sheria ya Machi zina tarehe: ziwe zimefungwa kwa mikataba ifikapo 31 Desemba 2024, ziwe zimetumika zote ifikapo 31 Desemba 2026. Ndiyo maana miji mingi inakimbilia magari ya zimamoto na mabomba ya maji. Siwalaumu, mabomba nayo yanahitajika. Lakini gari la zimamoto linaweza kununuliwa kwa bajeti ya mwaka wowote. Fedha za namna hii hatutaziona tena katika umri wangu.

Alhamisi, 3 Februari 2022

Mgawo umepita. Dola milioni 40 zinakwenda kwenye Mfuko wa Nyumba Nafuu wa Louisville. Mfuko huu uliundwa mwaka 2008 na kwa miaka mingi ulikuwa unapewa kidogo kiasi kwamba viongozi wa makanisa walilazimika kuandamana kuudai. Milioni 40 kwa mkupuo ni ushindi, na wale waliousimamia miaka yote wanastahili heshima.

Sasa hesabu. Utafiti wa mji wenyewe wa mwaka 2019 ulionyesha upungufu wa nyumba zaidi ya 31,000 kwa familia za kipato cha chini kabisa, yaani zile zilizo chini ya asilimia 30 ya kipato cha kati cha eneo. Ukijenga kwa dola 200,000 kwa kila nyumba, milioni 40 inakupa nyumba 200. Kwa hiyo Mfuko haujengi peke yake. Unakopesha ile sehemu ya mwisho, fedha nyingine zije juu yake. Hapo ndipo milioni 40 inapoweza kugusa nyumba nyingi zaidi.

Lakini anayeleta zile fedha nyingine ana masharti. Benki inataka pango linalotosha kulipa mkopo. Chukua familia iliyo kwenye mstari wa umaskini, ambao mwaka jana kwa watu wanne ulikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Asilimia 30 ya hapo, kipimo cha pango kinachotumika kila mahali, ni kama dola 660 kwa mwezi. Pango hilo linalipia bima, matengenezo, maji na msimamizi wa jengo, kisha halibaki la kupeleka benki. Mpangaji mwenye asilimia 60 ya kipato cha kati analipa karibu mara mbili. Mjenzi, hata akiwa mtu mwema, atavutwa kwenye asilimia 60, kwa sababu huko jengo linasimama kwa miguu yake. Ukitaka nyumba ya asilimia 30, lazima mji utoe ruzuku kubwa zaidi kwa kila nyumba na ukubali kupata nyumba chache. Huo ndio uamuzi wenyewe. Umefichwa ndani ya jedwali la vigezo vya maombi, kurasa za katikati, na hakuna mwandishi wa habari atakayeupigia picha.

Halafu kuna vyumba. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni watu wawili kwa chumba cha kulala. Familia ya Mama M., watu wanane, inahitaji vyumba vinne. Katika michoro yote niliyofunguliwa mwezi huu sijaona hata mmoja wenye vyumba vinne. Kwenye eneo la nyumba moja ya vyumba vinne mjenzi anapata mbili za chumba kimoja, na kwenye ripoti zinahesabiwa mbili.

Kambini kadi ya posho ilihesabu vichwa. Unga ulipimwa kwa idadi ya watu waliomo kwenye kadi, na mtoto akizaliwa ulikwenda kumwandikisha. Posho ilikuwa haba, Mungu anajua, ila kipimo kilimtambua kila mtu ndani ya nyumba. Hapa fedha zinahesabu milango.

Alhamisi, 28 Julai 2022

Habari njema, na naiandika kwa furaha. Jana Wizara ya Fedha imelegeza kanuni zake. Hadi sasa mji ukitaka kutoa mkopo wa muda mrefu kwa nyumba nafuu ulijikuta umekwama: mkopo wa miaka 20 utarudishwa baada ya 2026, je, umetumika au haujatumika? Wanasheria wa miji walikuwa wanaogopa kutia mkono. Sasa mkopo wote unaweza kuhesabiwa kuwa umetumika ukishatolewa, mradi muda wake usipungue miaka 20 na nyumba zibaki nafuu kwa muda huo angalau.

Wameongeza jambo jingine: nyumba kwa ajili ya familia zenye kipato cha hadi asilimia 65 ya kipato cha kati, kwa miaka 20 au zaidi, zinachukuliwa moja kwa moja kuwa zinafaa. Hakuna kuthibitisha zaidi. Hapo furaha yangu inapungua. Washington imeweka dari, na dari ikishawekwa wengi watajenga karibu nayo. Kutoka 65 hadi 30 ni umbali kati ya mwalimu anayeanza kazi na mama anayefunga maboksi usiku. Mwalimu naye anahitaji pa kuishi. Lakini mwalimu akikosa nyumba hii atapata nyingine mbali kidogo, Mama M. akikosa anabaki na utepe wake.

Jumanne, 18 Oktoba 2022

Mkutano wa wakazi, ukumbi wa kanisa. Walikuja Wakongomani, Wasomali, Wakuba, na wazee kadhaa Wamarekani Weusi kutoka West End, mitaa ya magharibi mwa mji. Diwani mmoja alikuja na akakaa mpaka mwisho, sikutegemea.

Mama M. aliomba ruhusa kazini akaja. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri. Hakulalamika. Alieleza magodoro na meza, kama mtu anayemweleza jirani ratiba ya siku yake. Kisha akauliza, "Mheshimiwa, hizi nyumba mnajenga, vyumba vya kulala ni vingapi?"

Diwani akajibu idadi ya nyumba. Nikamtafsiria. Mama M. akanigeukia: "Nilimwuliza vyumba." Nikarudia swali kwa Kiingereza. Diwani akaangalia karatasi zake, akaangalia msaidizi wake, akasema takwimu hiyo hawaiwekei safu. Nilimheshimu kwa kusema ukweli. Akaahidi kuiulizia.

Mzee mmoja wa West End alisimama baada yake. Familia yake iko pale tangu miaka ya 1940. Akasimulia benki zilivyokuwa zikikataa kukopesha ng'ambo ya Mtaa wa Tisa, nyumba zikaoza, watu wakaachiwa viwanja vitupu. Watu wetu wanamjua mtoto mmoja tu wa mitaa ile, Muhammad Ali, kwa sababu ya pambano la Kinshasa la mwaka 1974. Nyumba aliyokulia ipo Grand Avenue, humohumo West End. Wengi wa vijana wetu hawajawahi kufika huko, hata kwa matembezi. Mzee alisema jambo nililolitafsiri kwa uangalifu: kwamba ana hofu fedha zikija, wakimbizi na wazawa watagombanishwa juu yake. Nami naiona hofu hiyo. Mkimbizi alifika juzi, mzee yule amesubiri maisha yake yote. Sitashiriki hoja yoyote inayosema shida yetu ni kubwa kuliko ya kwao. Vyumba vingi kwa familia kubwa, na asilimia 30 kwa wote: bibi anayelea wajukuu watano kule Russell, humohumo West End, anavihitaji sawasawa na Mama M.

Jumamosi, 17 Juni 2023

Nimekwenda kuona jengo jipya. Zuri. Madirisha makubwa, lifti inafanya kazi, chumba cha kufulia kila ghorofa. Nilipapasa ukuta kama fundi. Harufu ya rangi mbichi, na sakafu ambayo huwezi kuisikia ikilia. Bibi mmoja, jirani yetu kanisani, mjane, amepata chumba kimoja ghorofa ya chini na alinionyesha kila kabati akilifungua na kulifunga. Alikuwa analala kwa binti yake kwenye kochi tangu mwaka wa korona. Hiki ndicho fedha za umma zinachoweza kufanya, na yeyote anayesema zilipotea bure aje amtembelee.

Baada ya hapo nilikaa na fomu. Kipato kiwe mara mbili na nusu ya pango. Historia ya mikopo. Barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani. Kesi yoyote ya kufukuzwa iandikwe, hata iliyofutwa. Mtu aliyekaa Nyarugusu miaka kumi na tisa atapata wapi barua ya mwenye nyumba? Nimemwandikia msimamizi nikaomba wakubali barua ya mwajiri na risiti za pango za mwaka mmoja. Amejibu kwamba watalifikiria. Kwa maoni yangu, mji unapotoa ruzuku ndipo una nguvu ya kuandika mambo haya kwenye mkataba. Jengo likishafunguliwa, unabaki kuomba.

Nyumba za vyumba vitatu: chache, zimekwisha siku ya kwanza. Za vinne: hakuna. Mama M. yuko kwenye orodha ya kusubiri ya jengo jingine.

Jumatatu, 30 Desemba 2024

Kesho ndiyo mwisho wa kufunga mikataba. Ofisi za mji zina taa hadi usiku, nimepita barabarani nikaziona. Kile ambacho hakijawekewa mkataba kinarudi Washington. Kilichofungwa kina miaka miwili ya kutumika.

Nimejaribu kujiuliza kwa haki kama tulipata tulichopigania. Nyumba zimejengwa na nyingine zimekarabatiwa zisiporomoke, na ukarabati ule haupewi sifa unayostahili: kuokoa nyumba ya zamani yenye vyumba vinne ni nafuu kuliko kujenga mpya, na mitaa ya zamani ya mji huu imejaa nyumba za namna hiyo, za vyumba vikubwa, zilizojengwa enzi za familia kubwa. Ningekuwa nagawa mimi, sehemu kubwa zaidi ingekwenda huko. Paa, mabomba, madirisha, rangi ya zamani yenye risasi iondolewe, kisha mkataba wa miaka 20 wa pango la asilimia 30. Nimelisema hili kwenye kila kikao nilichoruhusiwa kusema. Baadhi ya miradi imekwenda njia hiyo. Michache.

Jumatano, 9 Aprili 2025

Barua zimeanza kufika. Zile vocha za dharura za makazi, 70,000 nchi nzima, zilizotoka kwenye sheria ileile ya 2021, fedha zake zinakaribia kwisha mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wizara ya makazi imeziarifu mamlaka za nyumba mwezi uliopita kwamba hakutakuwa na nyongeza. Wateja wangu wawili wanazo. Mmoja alikuwa analala kwenye gari na watoto alipoipata. Ametafuta kazi, ameweka watoto shule, hajachelewa kulipa sehemu yake hata mwezi mmoja. Sasa ananiuliza afanye nini mwakani, nami sina jibu la kumpa zaidi ya kumwandikisha kwenye kila orodha iliyo wazi, na leo mchana tumeandika mbili.

Hapa ndipo hesabu ya tangu 2022 inapokutana na mtu. Fedha ya mara moja inajenga kuta. Pango la mtu wa asilimia 30 linahitaji fedha ya kila mwezi, na ile haikuwekwa na mtu yeyote. Mji ulijua tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, sote tuliijua. Meya atawasilisha bajeti mwishoni mwa mwezi huu, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, na nataka humo kuwe na mstari wa kudumu wa Mfuko, mkubwa kuliko wa kabla ya korona, pamoja na ruzuku ya uendeshaji kwa nyumba za kipato cha chini kabisa. Na ripoti ziwe na ile safu ambayo diwani alisema haipo: vyumba vya kulala vingapi, vinakaliwa na watu wangapi, wenye kipato gani.

Mama M. amehamia nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, ya mtu binafsi, pango linameza mshahara wake wote. Wanakula mshahara wa mume na wa kijana mkubwa, aliyeingia zamu ya usiku kwenye vifurushi uwanja wa ndege. Bado yuko kwenye orodha. Nimempigia kumweleza kuhusu kikao cha bajeti. Safari hii ameomba nimwandikie swali lake kwa Kiingereza, herufi kubwa, alisome mwenyewe. Nimelituma: HOW MANY BEDROOMS? Anajizoeza na binti yake wa darasa la nne.